Mtu wa video au simu ya binamu? Hesabu za mweka hazina wa kamati ya harusi

Kikao cha nne cha kamati ya harusi ya mdogo wangu tulikifanyia kwenye bustani ya baa moja Tabata: viti vya plastiki, mbu, na daftari la ahadi lililonenepa kuliko bahasha ya fedha taslimu. Tulikuwa tumeshapita ukumbi, chakula, mapambo, MC na gari la maharusi. Tulipofika kwenye mstari wa "Video", mjomba akavua miwani. "Simu zote hizi mlizonazo humu, mtu wa video wa nini? Mweka hazina, futa hapo, peleka kwenye vinywaji." Nusu ya wajumbe wakacheka, nusu wakanitazama mimi. Sikufuta. Wala sikubisha, maana mjomba alikuwa na hoja, na mimi mwenyewe nimeshaumizwa na pande zote mbili.

Harusi ya dada yangu, 2009, tulilipa. Jamaa akaja na kamera, taa kali ya kuchoma macho na kijana wa kubeba waya. Miezi minne baadaye tukaletewa DVD yenye sura ya dada kwenye jalada, mioyo inaruka, maua yanachanua kila picha inapobadilika. Ndiyo ilikuwa fasheni. Lakini kwenye nasaha za baba, dakika kama sita alizosimama na maiki mkononi, mhariri aliondoa sauti ya ukumbini akaweka wimbo wa mapenzi. Tunamwona baba ananyoosha kidole, watu wanacheka, mama anajifuta macho. Alichosema hakisikiki. Tulipokwenda kuomba kanda zenyewe tukaambiwa zimesharekodiwa harusi nyingine juu yake. Baba alifariki 2015.

Harusi ya binamu, 2019, kamati ikasema hatutupi tena fedha kwenye video, kila mtu ana simu. Nikapewa kazi ya kukusanya vipande kutoka magrupu matatu ya WhatsApp. Bibi harusi anaingia ukumbini mara kumi na moja, kutoka pembe kumi na moja, na karibu zote zina mkono wa mtu wa mbele aliyenyanyua simu yake. Keki inakatwa mara tisa. Viapo vya ndoa? Hapakuwa na kipande hata kimoja kilichoanza mwanzo kikafika mwisho.

Kwa hiyo ninapolinganisha hapa simtetei mtu wa video, wala simu siichukii. Ninachokubali kulipia mimi ni vitu viwili: mtu ambaye siku hiyo hana kazi nyingine, na sauti iliyonaswa vizuri. Fundi asiyeweza kunipa hivyo viwili hana tofauti na binamu, isipokuwa bei.

Kwenye picha, simu imesogea sana

Mchana, nje, jua la saa kumi, usitegemee kuona tofauti ya maana. Simu nyingi za sasa zinarekodi 4K, yaani nukta 3840 kwa 2160, mara nne ya zile za 1080p ambazo juzijuzi tu ndizo zilikuwa ufahari wa kamera za harusi. Matarumbeta yakipita mtaani na bibi harusi akitoka nyumbani kwao, simu inatosha na inabaki.

Ukumbini usiku ndipo simu inapoanza kuhangaika. Kipande kinachopokea mwanga ndani ya simu ni kidogo kama ukucha. Kwenye kamera kubwa za kitaalamu kina milimita 36 kwa 24. Mwanga ukipungua simu inajaza picha chenga, kisha inajaribu kuzifuta kwa kulainisha sura, na shangazi anatoka kama amepakwa plasta. Tena kuna hili la sisi watu weusi na gauni jeupe: simu ikiona weupe mwingi katikati ya picha inapunguza mwanga yenyewe, gauni linapendeza, uso wa mwenye gauni unazama gizani. Fundi anayejua kazi anapima mwanga kwenye uso na kuufungia hapo. Wengine hawajui, na utawagundua kwa kutazama kazi zao za nyuma, si kwa kuwasikiliza.

Halafu kuna ile mistari myeusi inayopanda na kushuka kwenye video. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu za mapambo zinawaka na kuzima mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Simu inayorekodi fremu, yaani picha, 30 kwa sekunde haiendi pamoja na mapigo hayo, na mistari ndiyo inayojitokeza. Ukiiweka fremu 25, kama mipangilio yake inaruhusu, mara nyingi tatizo linaondoka. Mtu wa video aliyekomaa hata halizungumzii, ameshaweka.

Na nafasi. iPhone inayorekodi 4K kwa fremu 30 inakula kama MB 170 kwa dakika, sawa na GB 10 kwa saa. Saa tano ni GB 50 na ushee. Simu ya binamu yenye GB 64, nusu yake ikiwa imejaa video za kuchekesha, haifiki kwenye keki.

Sauti ndiyo inayoamua

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Simu iliyo mkononi mwa mtu wa safu ya nne kanisani inasikia vizuri sana: inasikia mtoto anayelia safu ya tatu, feni, mama anayejibu "amina" kwa sauti ya juu, na kwa mbali kabisa, mnong'ono wa bwana harusi. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti inayofikia maiki inapungua kwa desibeli kama 6. Ubora wa simu hauondoi hilo. Kinachoondoa ni maiki iliyo karibu na mdomo.

Fundi anayestahili fedha yako anabandika maiki ndogo kwenye koti la bwana harusi kabla hajaingia kanisani au msikitini, na ukumbini anachomeka kinasa sauti kwenye mixer ya DJ ili kila neno linalopita kwenye maiki ya MC liingie moja kwa moja. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mtu yeyote wa video siku hizi si bei. Namuuliza: "Sauti ya nasaha za wazazi utaichukulia wapi?" Akijibu kwamba kamera ina maiki yake, namshukuru, namnunulia soda, namwita anayefuata.

Kwenye nikah jambo hili lina uzito wa pekee. Bibi harusi anaombwa idhini yake, anajibu kwa sauti ambayo hata aliyekaa naye mkeka mmoja anaisikia kwa shida. Kisha mkono ndani ya mkono, walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, au sheikh anaoza, kijana anajibu kwamba amekubali, imekwisha. Anayetoa simu mfukoni wakati huo atarekodi watu wakipeana mikono na kuanza kula halua.

Tuipite siku yenyewe

Kosa la kamati nyingi ni kuuliza "tulipe au tusilipe" kama vile siku nzima ni kitu kimoja. Siku ya harusi ina vipande, na kila kipande kina mwenyewe.

Saluni na chumba cha kuvalia ni mali ya simu. Mdogo wake bibi harusi yumo ndani tangu asubuhi, anachekwa na anacheka, hakuna anayejikaza kwa ajili yake. Mleteeni mwanamume mgeni mwenye kamera kubwa muone mazungumzo yanavyokatika.

Kanisani ni kwa mtu wa kulipwa. Makanisa mengi yana masharti: usisogee altareni, usipite katikati wakati wa ibada, vaa kwa heshima. Nimeshamwona padri akisimamisha misa mpaka wenye simu warudi vitini. Mwenye stendi na lenzi ya kuvuta mbali hukaa pembeni alipoelekezwa na kupata yote. Viapo havirudiwi kwa sababu mpigaji hakuwa tayari.

Bustanini au ufukweni, ile saa na nusu maharusi wanapozungushwa kwenye maua huku wageni wakisubiri ukumbini kwa njaa, ni ya mpiga picha mnato. Video hapo ni kutembea taratibu, kugeuka, kucheka bila kichekesho. Wapo wanaoipenda; mimi nikiwa na daftari la hazina naikata. Na fundi akikushawishi kwa droni, muulize kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Droni hazirushwi hivihivi Tanzania, na Dar uwanja wa ndege umezungukwa na makazi. Akisema "hapo usijali, mkuu", wewe jali.

Kuingia ukumbini kila mmoja anapata chake, ila simu zinaziba njia. Dawa ni MC. Akitangaza kwamba wageni wabaki vitini na picha watatumiwa, nusu watatii, na nusu hiyo inatosha kamera kupata uwazi.

Utambulisho wa ndugu nilikuwa nauona adhabu. Upande wa bwana harusi wanasimama, upande wa bibi harusi wanasimama, MC anakosea majina, mtu anadai amerukwa. Sasa ninapotazama DVD ya 2009 ndiyo sehemu ninayoirudia kuliko zote. Bibi mzaa mama, aliyeletwa na basi kutoka Lushoto, anasimama kwa sekunde tano, anapunga mkono, anakaa. Hatuna picha nyingine inayomwonyesha akitembea. Kwa hiyo hapa pia lipa, na mwambie fundi asogee karibu na wazee, asiwachukue kwa jumla kutoka jukwaani.

Shampeni, keki, ndafu, kulishana, kugonga glasi: simu. Kila mgeni atarekodi, utake usitake.

Nasaha: kulipwa. Nimeshasema ya kutosha.

Zawadi ni kipande cha ajabu. Ni kirefu, vikundi vinaingia vikicheza na vitenge, magodoro na majiko ya gesi, na hakuna atakayekitazama chote. Simu moja kwenye stendi inatosha, na isizimwe, kwani video ya namna hiyo imeshamaliza ugomvi mmoja wa ukoo wetu kuhusu friji ilitolewa na nani.

Muziki ukifunguliwa, mwachie fundi aende zake. Kuserebuka kunarekodiwa vizuri zaidi na anayeserebuka.

Ukijumlisha, saa ambazo kweli zinamhitaji mtu wa kulipwa ni nne au tano, wala si zile kumi na mbili za kifurushi chake cha "siku nzima".

Pwani hesabu ni nyingine

Kama shughuli ni Zanzibar, Tanga au Mombasa, na ni ile ya wanawake watupu, iwe singo, kupamba au usiku wa hina, basi simu ya binamu haimo kabisa kwenye mashindano. Nywele ziko wazi, mabuibui yametundikwa, na kwenye shughuli nyingi simu zinakusanywa mlangoni au kamera zake zinabandikwa karatasi. Hapo unachagua kati ya mpiga video mwanamke na kutokuwa na video.

Wanawake wa kazi hii wapo. Lakini usiishie kuuliza nani atashika kamera. Uliza nani atakaa kwenye kompyuta kuhariri. Akipiga mwanamke kisha akahariri kaka yake sebuleni, ulinzi wote wa mlangoni ulikuwa wa bure. Wenye busara hukubaliana kwamba kadi ya kamera inakabidhiwa kwa mama au somo wa bibi harusi usiku uleule, na uhariri unafanyika mbele ya mmoja wao. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019, lakini video ikishazunguka kwenye simu za watu sheria itakukuta umeshaaibika. Bora karatasi kabla.

Hesabu kwa sahani

Bei sitaziandika, zinatofautiana mno kati ya Dar, Moshi na Mbeya, na kati ya Juni na Desemba. Nitakupa kipimo ninachotumia: igawe bei ya video kwa bei ya sahani moja ukumbini. Tuseme sahani ni shilingi 35,000 na fundi anataka 1,400,000. Hizo ni sahani 40. Sasa uliza kamati: tuko tayari kupunguza watu 40 kwa ajili ya video? Familia nyingi zitasema hapana, na hazikosei, kwa sababu watu 40 hao wameshachanga, wana kadi mkononi. Ukimwambia fundi huyohuyo unataka saa tano, mpigaji mmoja, hutaki droni, hutaki ufukweni, hutaki jalada la dhahabu, bei ikashuka mpaka sahani 15, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa. Wengi wanakubali kukata vifurushi vyao. Ni kwamba hawaombwi.

Simu nayo ina gharama yake ambayo haiandikwi kwenye bajeti. Binamu aliyepewa kazi hali chakula kwa raha, hachezi, hatambulishwi. Umemchangisha elfu hamsini kisha umemfanyisha kazi. Na baada ya hapo kuna anayekusanya, anayechambua, anayeunganisha. Mwaka 2019 ni mimi, jioni za wiki tatu nzima, na nilichotoa ni kitu cha dakika arobaini ambacho nadhani maharusi wamekitazama mara moja kwa heshima yangu.

Kurusha mubashara kwa ndugu walio Muscat au Minnesota ni jambo dogo ambalo mafundi wanalitoza kama kubwa. Simu moja kwenye stendi, imewekwa chaja, laini ya mtandao ulioujaribu ndani ya ukumbi uleule, inawatosha. Jaribu usiku wenyewe kukiwa na harusi ya wengine, si asubuhi ukumbi ukiwa mtupu, maana simu mia tatu zikiingia pamoja mtandao unalala.

Ukiamua kulipa

Usitazame video zake za dakika tatu. Hizo kila mtu anazo nzuri: muziki mkubwa, gauni linapepea, machozi. Omba harusi moja nzima aliyoipiga, ya usiku, ikiwezekana kwenye ukumbi wenu, na uisikilize kwa spika za masikioni ukiwa umefumba macho. Ukisikia maneno yote ya wazazi, fumbua macho uangalie picha.

Muulize kamera yake inarekodi kwenye kadi ngapi kwa wakati mmoja. Si swali la mbwembwe. Sony A7 III ina nafasi mbili za kadi; Canon EOS R ya kwanza, iliyotoka mwaka huohuo wa 2018, ina moja. Kwenye kazi za video si kila kamera yenye nafasi mbili itaandika zote kwa pamoja, kwa hiyo mwache akueleze mwenyewe anavyojilinda kadi ikifa, maana kadi zinakufa. Jibu zuri linaweza kuwa kamera ya pili kwenye stendi nyuma ya ukumbi, inayorekodi bila kukatika.

Kwenye makubaliano, karatasi moja inatosha, andikeni saa ya kufika na ya kuondoka, tarehe ya kukabidhi, nani atakuja akiugua yeye, kama anaruhusiwa kuweka harusi yenu kwenye kurasa zake, na kwamba mafaili yote ghafi mtayapata kwenye diski mtakayomletea wenyewe. Mimi huongeza sentensi moja kwa mkono wangu: "Nasaha za wazazi zisiwekewe wimbo juu." Wanacheka. Wanasaini.

Jambo ambalo kamati karibu zote zinalikosea ni salio. Baada ya harusi kuna kikao cha kuvunja kamati, mnakula mbuzi, mnasoma mapato na matumizi, kila mtu anakwenda zake. Video ikichelewa miezi mitano nani atadai? Maharusi wako fungate au wamehamia Dodoma, mwenyekiti hapokei simu. Kwa hiyo theluthi ya malipo isitoke siku ya harusi hata kama fundi anasimama karibu na meza yako akikohoa. Mwachie mtu mmoja mwenye jina, iandikwe kwenye taarifa ya kuvunja kamati kwamba anayo, na aitoe siku atakapopokea diski na kuifungua kwenye kompyuta mbele ya aliyeileta.

Na kuna kijana anayeanza, yule wa bei ya chini mwenye kamera moja na hamu. Simkatai. Ana kasoro ya uzoefu, lakini anasikiliza, wakati wakongwe wengine wanakuja na harusi yao kichwani na nyinyi mnaigiza tu. Ukimchukua, mpe karatasi ya vipande vitatu visivyokosekana, na mkopeshe kinasa sauti au simu ya pili.

Ukiamua simu

Basi iwe simu ya mtu, si simu za watu. Chagua wawili, uwataje kwa majina kwenye kikao kama unavyomtaja MC. Mmoja asimame na stendi, asihame. Mwingine azunguke. Wote wafute takataka zao siku moja kabla, waweke simu katika hali ya ndegeni ili mtu asipige katikati ya viapo na kuikata video, wabebe chaja za kutembea nazo, na washike simu kwa mlalo kama televisheni ilivyolala. Anayetaka za wima za kuweka mitandaoni atumie simu yake ya tatu.

Sauti tumia simu nyingine, hata ya zamani iliyopasuka kioo: washa programu ya kurekodi sauti, iweke kwenye mfuko wa ndani wa koti la bwana harusi, na ukumbini mkabidhi DJ aiweke mezani kwake mbele ya spika ndogo anayosikilizia, si ile kubwa inayotikisa kifua. Kabla hamjaanza, mtu apige kofi moja kubwa mbele ya zote. Mlio huo ndio utakaokusaidia kuoanisha sauti na picha baadaye kwenye programu za kuhariri kama CapCut au DaVinci Resolve, na zote mbili unaweza kuanza nazo bila kulipa.

Na tafadhali, msitumiane vipande kwa njia ya kawaida ya WhatsApp. Inaviminya mpaka nyuso zinakuwa uji. Tumeni kama dokumenti, faili la mpaka GB 2 linapita. Au afadhali zaidi, mwenye kompyuta akae mlangoni usiku huohuo anyonye kila simu kabla mwenye simu hajaondoka. Anayesema "nitakutumia kesho" hatumi.

Kuna wanaouliza: fedha ni ya kitu kimoja tu, picha mnato au video? Picha mnato, bila kufikiria mara mbili. Inachapishwa, inatundikwa, haihitaji mashine. Video kila baada ya miaka inadai kifaa kipya: Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016, na kanda za harusi za wazazi wetu zimebaki kabatini kama matofali. DVD nazo, ni laptop gani unayonunua leo yenye tundu lake? Ndiyo maana ninasisitiza mafaili kwenye diski, nakala mbili, nyumba mbili tofauti.

Tulichofanya sisi

Mstari wa "Video" haukufutwa, ulikatwa zaidi ya nusu. Tulichukua fundi mmoja kwa saa tano: kanisani kuanzia maandamano mpaka kusaini vyeti, kisha ukumbini kutoka kuingia mpaka mwisho wa nasaha. Binamu wawili walipewa simu na stendi warekodi kipande cha zawadi na cha muziki, na mchango wao tukaurudisha kama nauli. Vinywaji vilipata nyongeza ya kreti sita, mjomba akaridhika.

Kwa kuwa baba hayupo, aliyesimama kutoa nasaha kwa mdogo wangu alikuwa mjomba mwenyewe. Aliongea dakika kumi na mbili. MC alimpa ishara mara mbili na yeye hakuiona. Diski ilifika wiki ya saba, nikaitoa ile theluthi, na jioni hiyo mjomba akanipigia simu. Alitaka kipande chake tu. "Nitumie kama dokumenti," akasema, "nasikia ile nyingine inaharibu."